Mlima gani kwanza? Ngong, Longonot, Kilimambogo na Nyandarua kwa mgeni wa Nairobi

Nilipohamia Nairobi kutoka Mombasa nilipata nyumba ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, na kwa wiki mbili za mwanzo nilikuwa nikifika mlangoni nahema kama niliyekimbizwa. Siku moja jirani yangu, mama wa makamo kutoka Murang'a, alinikuta nimeegemea ukuta na kapu la sokoni. "Pole mami," akaniambia, "hewa ya huku ni nyepesi, utazoea." Yeye alikuwa amebeba mtungi wa gesi begani wala hahemi.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyekulia Mombasa, ambako kupanda kwenyewe ni kivuko cha Likoni kikishafika na watu wakakimbilia mteremko, mwili wake unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Nalitaja hili mapema kwa sababu wenzangu kazini, waliponiona nasononeka kwa kukosa bahari, walinipa dawa moja tu: Jumamosi twende mlimani. Tatizo ni kwamba kila mmoja alikuwa na mlima wake. Wa kwanza akasema Ngong. Wa pili Longonot. Wa tatu akaapa kwa Kilimambogo. Wa nne, kijana mmoja wa Nyahururu mwenye miguu mirefu kama korongo, akatucheka wote akasema hivyo ni vilima vya watoto wa shule, mlima ni Nyandarua, ile safu ya Aberdare.

Yote minne nimeshaipanda, mingine zaidi ya mara moja. Ukilinganisha urefu peke yake, Kilimambogo una mita 2,145, Ngong 2,460, Longonot 2,776, na ule wa Nyandarua ambao watu wa Nairobi hupenda kuupanda kwa siku moja, Elephant Hill, unakaribia 3,600. Kwa hesabu hiyo ungeanza na Kilimambogo ukapanda ngazi moja moja. Mimi urefu nimeacha kuuliza. Nauliza nitafikaje langoni, nitarudi nyumbani saa ngapi, na chini ya mguu kuna nini. Majibu ya maswali hayo yanaipanga milima hii kwa namna nyingine kabisa.

Kufika

Kwa asiye na gari, Ngong haina mpinzani. Unapanda matatu namba 111 mjini, unashuka Ngong, unachukua boda boda mpaka lango la KFS, shirika la misitu. Ukitoka nyumbani saa moja asubuhi, saa tatu uko juu unapigwa na upepo. Hata ukiamka umechelewa siku haijaharibika. Na ukiamua kwenda vilima vyote mpaka mwisho, unatokea Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, unarudi Kiserian, halafu matatu za namba 126 zinakuleta mjini. Hapo Kiserian kuna nyama choma, na harufu yake inakufikia ukiwa huna nguvu ya kubishana na nafsi.

Longonot iko kama kilomita 90 kutoka mjini, na njia yake ndiyo ya chini, ya kupitia Mai Mahiu. Mara ya kwanza nilikwenda kituoni nikamuuliza makanga, "Longonot mnapita?" Akanijibu, "Tunapita siz, ingia, imebaki mmoja." Kweli tulipita. Tulipita kwa barabara ya juu, nami kupitia dirishani nikauona mlima kule chini mkono wa kushoto, mzuri, umekatwa kichwa kama chungu kisicho na mfuniko, nikawa naupungia. Nilishuka Naivasha mjini nikatafuta gari jingine la kunirudisha kwa barabara ya chini. Langoni nilifika saa tano, jua limeshakasirika. Kwa hiyo wewe usiulize kama wanapita Longonot. Uliza, "Mnapitia juu au chini?" Wakisema chini, mwambie makanga akushushe kituo cha Longonot, na boda boda wanakusubiri pale wakufikishe langoni.

Kilimambogo ni safari ya vipande vipande: Nairobi mpaka Thika, Thika mpaka mji mdogo wa Donyo Sabuk, halafu boda boda. Umbali si mkubwa, lakini kila kipande kina gari lake linalosubiri kujaa, na Jumapili asubuhi huwa halina haraka. Mwenye gari lake, au mwenye shemeji mwenye gari, huu ndio mwepesi kuliko yote.

Nyandarua kwa matatu, kwa siku moja, usijaribu. Unakata kona mahali panapoitwa Flyover, kwenye barabara ya juu ya kwenda Naivasha, unaingia mji wa Njabini, na inafaa uwe umeshaanza kupanda saa moja asubuhi ili utoke msituni kabla ya giza. Watu hutoka Nairobi saa kumi au kumi na moja alfajiri kwa gari la kukodi, au hulala Njabini usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mimi nililala, na baridi ya Kinangop usiku ilinifanya nivae soksi mikononi.

Chini ya mguu

Hapa ndipo ushauri wa watu ulinipotosha zaidi.

Ngong wanakwambia ni rahisi, ni pa kuanzia. Ni kweli kwa vilima viwili vya kwanza. Njia ni ya nyasi na udongo mgumu, mitambo mikubwa ya umeme wa upepo imesimama inazunguka juu ya kichwa chako kwa mvumo wa vuu, vuu, vuu, na ng'ombe wa Wamasai wanakupita bila kukusalimia. Upande mmoja Nairobi yote, upande wa pili ardhi inaporomoka kwenye Bonde la Ufa na ukungu ukifunguka unaona Suswa na Longonot kwa mbali. Tabu inaanza baadaye. Ngong si mlima mmoja, ni safu, na kila kilima unachokimaliza unashuka chini ukaanza upya. Ile jasho uliyolipa kupanda unarudishiwa mkononi kisha unadaiwa tena. Magoti ndiyo yanayolipa. Dada mmoja tuliyekwenda naye, mkimbiaji hodari wa asubuhi pale Karura, alimaliza akishuka kinyumenyume.

Na upepo. Nilikuwa nimevaa kofia pana ya ufukweni, ya kutoka nyumbani, nikaiona mara ya mwisho ikielekea Magadi. Tangu siku hiyo nakwenda na leso. Nawacheka wanaonunua vitambaa vya shingo vya bei kubwa: leso moja inafunga kichwa, inaziba pua, unaikalia wakati wa kula, na jioni unajifutia. Jambo jingine la Ngong ambalo silifanyii mzaha: ukiwa peke yako au wawili, na unataka kuvuka vilima vya mwanzo, omba langoni upewe askari wa kukusindikiza. Zamani watu waliporwa huko. Kulipia askari ni bei ndogo kuliko simu.

Longonot ni kinyume. Wanaogopesha wageni nao, lakini kwangu ndio mlima unaoeleweka haraka kuliko yote. Njia ni moja. Kutoka langoni mpaka ukingoni mwa shimo ni kilomita 3 na kidogo, huwezi kupotea, na unauona mwisho wako tangu unapoanza. Miinuko ya mwanzo ni ya kupiga soga. Baadaye mlima unasimama wima, na udongo, kwa kuwa ni majivu ya volkano, hauna ushikamano. Maji ya mvua yamechimba njia mpaka pengine unatembea ndani ya korongo lenye kuta zinazokufika mabegani, vumbi limejaa kama unga wa ngano kwenye gunia. Mguu unapiga hatua moja unarudi nusu.

Hapo ndipo kiatu changu kilinisaliti. Nilikuwa nimenunua buti za mitumba sokoni, nzuri, ngozi safi, muuzaji akazipiga piga kwa kiganja akisema, "Hizi ni za Ulaya madam, hizi zitakuzika." Asichoniambia ni kwamba soli za aina ile zikikaa miaka mingi ndani zinaoza hata kama kiatu hakijavaliwa. Katikati ya mwinuko nilisikia kitu kinapiga chini kama ndara, kumbe soli ya kulia imeachia kutoka kisiginoni mpaka katikati. Kijana aliyekuwa akishuka alisimama, akatoa kamba ya kiatu cha akiba, akaipitisha chini ya soli na juu ya mguu mara tatu, akaikaza. "Dada, hiyo itakufikisha," akasema, akaenda zake. Ilinifikisha. Kwa hiyo ukinunua mitumba, kunja soli kwa nguvu mbele ya muuzaji na uikwangue kwa ukucha pembeni. Ikitoa ungaunga, mrudishie.

Ukifika ukingoni unaangalia chini na kukuta msitu mzima umejificha ndani ya shimo, kijani kibichi, na huku nje ulikotoka kote ni kikavu. Nilikaa pale nikala mahamri ya jana na mayai ya kuchemsha bila kusema neno. Na hii ndiyo sababu naipa Longonot alama nyingi: pale ukingoni una haki ya kugeuka. Umeshauona mlima, hakuna atakayekwambia hukufika. Ukiwa bado una miguu, unazunguka ukingo wote, kilomita 7.2, unapitia kilele chenyewe, unaona Ziwa Naivasha na mvuke wa mitambo ya umeme ya Olkaria, kisha unashuka kwa njia ile ile ya kupandia. Jumla ni kama kilomita 13 na nusu. Lakini mzunguko ule una sehemu nyembamba zenye mteremko kulia na kushoto. Mwenye kizunguzungu cha kuwa juu asishawishiwe na marafiki. Kivuli karibu hakuna, na maji hakuna. Lita 3 kwa mtu mmoja si kujionyesha.

Kilimambogo una barabara. Kilomita 9 za barabara ya udongo kutoka langoni mpaka kileleni, ndani ya msitu mzito, mbega wanaruka juu yako kama wamevaa mashuka. Jina linajieleza: mbogo, yaani nyati, wapo, na ukitembea kwa miguu askari mwenye bunduki anakwenda nawe. Sitaki kudanganya, kwa anayetaka kuhisi amepanda mlima, huu ndio unaochosha kwa ukiwa wake, kona baada ya kona, miti inaziba mandhari. Lakini kwa watoto, kwa wazazi waliokuja kukutembelea, kwa rafiki mwenye goti bovu, hakuna kama huu, kwa sababu gari linaweza kuwafuata nyuma na kumbeba aliyechoka. Kabla ya kilele unapita kaburi la William Northrup McMillan, tajiri wa kutoka Marekani aliyefariki mwaka 1925, na mkewe Lucie amezikwa hapo hapo. Mgeni wa Nairobi huenda ameshalipita jina hilo bila kujua: ile maktaba ya mjini yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931, ni ya ukumbusho wake. Ukishuka mapema, Fourteen Falls, maporomoko ya mto Athi, yako karibu.

Nyandarua ni tope. Ningeweza kuishia hapo. Elephant Hill kutoka Njabini unapanda karibu mita 1,000, kwanza shambani, kisha ndani ya mianzi iliyosongamana mpaka mchana unakuwa magharibi, na chini ya mianzi hiyo tope jeusi lenye nyayo za ndovu zilizojaa maji. Wenyeji wanavaa gambuti, nasi wa Nairobi tunavaa viatu vya bei na kuteleza. Fuata wenyeji. Ukitoka kwenye mianzi unaingia nyika ya juu, manyasi ya mafungu mafungu na upepo wa barafu, na kuna mahali wapandaji wamepabatiza jina la kukata tamaa, kwa kuwa ukifika hapo unadhani ni kilele, kumbe kilele kiko kule, kimekaa kama mgongo wa ndovu aliyelala, na bado una mwendo mrefu. Kichwa kilianza kuniuma hapo. Kwenye urefu huo maumivu ya kichwa na kichefuchefu si woga, ni hewa, na dawa yake ni kushuka. Mwongozaji wetu, mzee mmoja mpole, alinitazama macho akauliza, "Kucha, mama, ziko rangi gani?" Akazikagua vidole vyote kumi kabla ya kuniruhusu niendelee.

Lakini nitarudi. Ule msitu ndio unaonywesha jiji hili: bwawa la Sasumua liko upande huo huo wa Njabini, na maji ya bwawa la Ndakaini nayo yanatoka kwenye miteremko ya safu hiyo hiyo. Nilipofungua bomba kuosha lile tope nyumbani, nilicheka peke yangu. Na ndimo walimojificha Mau Mau miaka ya hamsini. Ukiwa ndani ya ile mianzi, huoni hatua kumi mbele, unaelewa kwa nini wapiganaji wale waliwasumbua wanajeshi wa Uingereza kwa miaka.

Msimu, pesa na kundi

Longonot naipenda wiki chache baada ya mvua, vumbi likiwa limelala. Januari na Februari vumbi lake linaingia mpaka ndani ya meno, na wakati wa masika njia inateleza. Nyandarua ni kinyume, ngoja hiyo Januari na Februari. Ngong unaweza mwezi wowote ilimradi usiogope baridi ya Julai. Kilimambogo barabara yake inaharibika mvua ikizidi.

Longonot na Kilimambogo ni mbuga za KWS, shirika la wanyamapori, malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo usiende na noti ukitegemea kubembeleza. Lipa ukiwa nyumbani na ubebe kitambulisho, maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni kutoka nje. Ukijumlisha nauli, Ngong ndiyo nafuu kwa mbali na Nyandarua ndiyo ghali, kwa sababu ya gari na mwongozaji.

Kuhusu makundi ya wapandaji, Nairobi yamejaa, na mgeni asiye na marafiki atawapata huko. Nimekwenda na moja lililoahidi kuondoka saa kumi na mbili, tukaondoka saa mbili na nusu tukimsubiri rafiki wa mwenye kundi, na huko juu mwongozaji akakimbia na wenye nguvu mbele, sisi wa nyuma tukaachwa tukifuata nyayo. Sasa kabla ya kutuma pesa nauliza jambo moja tu: nani anabaki na mtu wa mwisho? Kundi lenye jibu la haraka, lenye jina la mtu, naenda nalo. Likianza kunitumia picha za kilele, nabaki nyumbani.

Uanze na upi?

Kama umehamia mwezi huu, huna gari, na Jumatatu una kazi ya kusimama: Ngong, vilima viwili au vitatu, kisha ugeuke. Usifike Kona Baridi mara ya kwanza.

Kama mwezi wa kwanza umepita na ngazi za nyumba yako zimeacha kukuhemesha: Longonot, alfajiri, barabara ya chini. Ndio ningeanza nao mimi lau ningeambiwa ukweli. Ukingoni kwanza, mzunguko siku nyingine.

Mama yangu alipokuja kutoka Mombasa, miaka 63, nilimpeleka Kilimambogo kwa gari la shemeji. Alitembea kilomita mbili za mwisho kwa ndara na buibui, askari akimpa mkono kwenye mashimo, na kule juu mawingu yakafunguka dakika chache upande wa kaskazini. "Kile cheupe nini?" akauliza. Ulikuwa Mlima Kenya.

Elephant Hill uache mpaka Longonot umeuzunguka wote mara mbili na siku iliyofuata ukaweza kukaa chooni bila kushika ukuta. Kuhusu huo Mlima Kenya wenyewe, kilele cha Lenana, mita 4,985, ambacho watembeaji wasio na kamba hufika, ni safari ya siku kadhaa na haingii kwenye ulinganisho huu. Kijana wa Nyahururu anasema tuanzie lango la Sirimon. Likizo nimeshaomba, na gambuti ninazo.